Kabla ya kulipia chumba Jambiani, tazama mwezi

Kila likizo ya shule ikiisha, malalamiko ni yaleyale. Familia imetoka Dar, Arusha au Nairobi, imevuka na watoto mpaka mashariki ya Unguja, na ikirudi inaandika mtandaoni kwamba imetapeliwa. Picha ilionyesha bahari ya bluu hatua chache kutoka mlangoni. Wao wamekuta uwanja wa mchanga na mwani, na bahari yenyewe ni mstari mweupe kule mbali kwenye mwamba. Nyota moja. Inaniudhi sana, kwa sababu watoto waliosubiri safari hiyo muhula mzima wanabaki na kumbukumbu ya kukaa chini ya mwavuli wakiangalia maji wasiyoweza kuyafikia.

Bahari ilikuwepo. Ilikuwa imepwa, kama inavyopwa mara mbili kila siku, Jambiani, Paje, Bwejuu, Matemwe, pwani yote ile. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, likiwa kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Na kwa kuwa kati ya ufukwe na mwamba chini ni karibu tambarare, hizo mita 4 za kushuka zinageuka kilomita moja au zaidi ya kutembea. Anayekukodisha chumba analijua hilo vizuri kuliko mimi. Hasemi kwa sababu hukuuliza. Uliuliza kiyoyozi, chai ya asubuhi, intaneti, umbali kutoka bandarini. Maji hukuuliza.

Basi tuyaulize sasa, kwa saa.

Unguja bamvua lina ratiba ambayo haibadiliki sana mwaka mzima. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa yapata saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa yapata saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Wakati wa bamvua husogea pungufu kidogo, wakati wa maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inapokuwa ndogo, husogea zaidi. Ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani unaweza kuikadiria wiki yako yote kabla hujatuma hata shilingi ya kwanza.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata wale wanaojua kidogo. Wanaliogopa bamvua. Wanasikia kwamba siku za mwezi mpevu maji huenda mbali kabisa, wanazikimbia, wanachagua siku nne au tano baadaye. Hizo ndizo siku mbaya kuliko zote kwa familia. Tarehe 4 hadi 6 za mwezi wa Kiislamu, na tena 19 hadi 21, maji hujaa mapema asubuhi watoto wakiwa bado wanakunywa chai, halafu hupwa katikati ya mchana, kati ya saa 6 na saa 8, jua likiwa utosini. Yakirudi tena, jua linazama. Mtoto anapata nusu saa ya maji asubuhi na nusu saa ya giza jioni. Hao ndio waandishi wa nyota moja.

Siku za bamvua zenyewe, kinyume chake, ni nzuri mno kama mnaamka mapema. Asubuhi mnatembea kwenye maji yaliyopwa, saa 5 mnarudi kivulini, mnakula, watoto wanalala, na kuanzia saa 8 na nusu maji yanakuja mpaka ukutani, ya vuguvugu kwa sababu yamepita juu ya mchanga uliochomwa na jua. Mtaogelea mpaka saa 11 jua likiwa limepoa. Na kama hamtaki kutembea, mnataka kuogelea tu, chagueni maji mafu na siku mbili tatu zinazofuata: tarehe 8 hadi 11 za mwezi wa Kiislamu, au 22 hadi 25. Hapo maji hujaa kati ya saa 4 asubuhi na saa 7 mchana, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kwa hiyo hata yakipwa hayaendi mbali sana.

Hayo ni makadirio. Mwezi huandama kwa kuonekana, na saa huyumba kidogo. Ukishapata tarehe zako, tafuta jedwali la maji la bandari ya Zanzibar la siku hizo hizo, uandike saa za kujaa na kupwa kwenye karatasi, uibandike mlangoni pa chumba. Kila mtu mzima kwenye familia aisome.

Ninasisitiza kila mtu mzima kwa sababu ya matembezi ya kwenda mwambani, na hapa naomba tusikilizane. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote mara 12: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua la mita 3.6. Saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30, mtoto anacheka yanapomfika kwenye mashavu ya miguu. Saa ya pili yameongeza 60. Saa ya tatu yameongeza 90, na sasa kwa jumla ni mita 1.8, kimo cha mwanamume mrefu. Mtu aliyetoka saa 4 asubuhi, maji yalipokuwa chini kabisa na mandhari yakiwa mazuri kabisa, akatembea dakika 40 kwenda mwambani, akakaa saa moja kuwaonyesha watoto mashimo, anarudi katikati ya saa zinazokimbia. Na maji hayamfuati kwa nyuma tu. Chini kuna mabonde na mifereji ambayo huioni wakati wa kwenda kwa kuwa ni kavu au maji ni ya kifundo. Hiyo ndiyo hujaa kwanza, kati yako na ufukwe. Upande wa mwambani bado unasimama pakavu, na njia ya kurudi imeshafika kifuani kwa mtoto, tena ina mkondo.

Kwa hiyo: ondokeni saa moja na nusu hadi mbili kabla ya maji kupwa kabisa, mkiyafuata yanavyotoka. Yakifika chini kabisa, geukeni. Hata kama mtoto ameona pweza. Kama maji yanapwa saa 4, saa 4 nyuso zenu ziwe zimeelekea ufukweni. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano asiende mwambani kabisa. Aishie nusu ya njia, kwenye vidimbwi, ambako vitu vya kuona ni vingi pia. Na chukueni mwenyeji anayejua mifereji. Hiyo ni kazi yake, mlipeni vizuri.

Miguuni, viatu vilivyofunika vidole na vyenye soli ngumu. Raba kuukuu zinafaa kuliko chochote. Kandambili hunasa mchangani na kukatika, na viatu vya plastiki vyenye matundu hupitisha miiba ya wale viumbe weusi wa mviringo (Kiingereza sea urchin) wanaokaa kwa makundi kwenye nyasi za bahari na pembeni mwa matumbawe. Mwiba wao ni mrefu, mwembamba, na huvunjika ndani ya nyama kama chaki. Ukimkamua mtoto mguu, unauvunja vipande vipande. Toa kwa kibano kile kinachojitokeza tu, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, ukijaribu kwanza kwa mkono wako mwenyewe, kwa nusu saa au zaidi. Siki husaidia kuyeyusha vipande vilivyo karibu na ngozi. Wenyeji watakuletea utomvu wa papai bichi, na wameutumia vizazi na vizazi. Lakini mwiba ulioingia kwenye kiungo, au maumivu yanayopanda mguu mzima na kumfanya mtoto atokwe jasho, ni hospitali wakati uleule; kuna samaki anayefanana na jiwe, na sumu yake si ya kutibiwa hotelini.

Ile inayoitwa uchafu kwenye malalamiko, ile mistari ya vigingi na kamba, ni mashamba. Ukulima wa mwani ulianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanaoubeba mpaka leo wengi wao ni wanawake. Kazi yao hufanyika siku za bamvua maji yakiwa yametoka, saa zilezile unazotembea na watoto. Kila kamba imefungwa vishada vidogo vya mwani kwa mkono, kimoja kimoja, navyo hukaa majini yapata wiki sita kabla ya kuvunwa. Mtoto akikimbia katikati ya mistari anang'oa kigingi, kamba inalegea, mwani unalala mchangani na kuoza. Na vigingi vyenyewe, maji yakijaa, havionekani, vinachoma. Pitieni njia wanazopita wao. Msalimieni mama anayefunga kamba kwa shikamoo yenye heshima, muombeni ruhusa kabla ya picha, na akikataa, basi amekataa. Akiwa na nafasi atamwonyesha mtoto tofauti ya spinosamu na kotonii, aina mbili za mwani, na atakwambia kwa nini kotonii inamshinda siku hizi: maji yamekuwa ya moto, inaugua na kukatika. Mtoto atakayekumbuka mazungumzo hayo amepata kitu ambacho bwawa la hoteli halina.

Na kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, kiacheni majini. Anapumua humo. Kumtoa ili mtoto apige naye picha ni kumuua polepole, na waongozaji wanaowapa wageni wamshike wanafanya vibaya, hata wakitabasamu.

Nikubali jambo moja, ingawa sipendi kulikubali kwa sababu linaongeza msongamano ambako tayari umezidi: Nungwi na Kendwa, kaskazini ya Unguja, unaweza kuogelea karibu saa zote. Kule chini hushuka haraka, maji yakipwa bado yapo. Familia yenye watoto wadogo, yenye siku tatu tu, isiyotaka kusikia habari za mwezi wala jedwali, iende huko na haitajuta. Ila ikumbuke kwamba chini kushuka haraka maana yake ni kina karibu na ufukwe, na boti nyingi zinapita. Macho yasitoke kwa mtoto.

Upepo nao uzingatieni. Juni mpaka Septemba kusi linapiga pwani ya mashariki moja kwa moja, mwani mwingi hutupwa ufukweni, Paje hujaa wanaoteleza kwa tiara, na boti kutoka Dar huyumba. Kaeni chini, katikati, kuelekea nyuma, na dawa ya kichefuchefu mtoto apewe kabla ya kupanda, baada ya kumuuliza mfamasia kipimo. Disemba mpaka Februari kaskazi ndilo linalotawala, joto ni kali, na upande wa kaskazini-mashariki ndio unaochafuka. Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, bei hushuka kwa sababu nzuri.

Matembezi mengine pia yanafuata maji. Fungu la Nakupenda huzama maji yakijaa, na bado wapo wanaouza safari hiyo saa yoyote. Ngalawa za Jambiani hulala mchangani maji yakitoka, kwa hiyo safari ya saa 4 asubuhi siku ya bamvua haipo, hata kama umeshailipia. Msitu wa Jozani peke yake haujali. Nendeni asubuhi mapema au jioni, kima punju wakiwa wanakula karibu na njia, kisha mpitie kwenye mikoko muone kaa.

Jua: Unguja ipo nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na mchanga mweupe wenye maji ya kifundo hulirudisha usoni kutoka chini, hivyo kofia haitoshi. Fulana ya mikono mirefu, hata kwa mtoto mweusi tii. Maji ya kunywa muyabebe nyinyi wenyewe mkienda mwambani, nusu lita kwa kila mtoto kwa kiasi cha chini kabisa.

Kabla ya kutuma pesa, mpigie mwenye nyumba simu, mtajie tarehe zako, umuulize maji yanajaa saa ngapi siku ya kwanza na siku ya mwisho. Muulize pia kama mbele ya nyumba yake kuna mfereji au mashamba, na nani atawapeleka mwambani. Akikujibu pale pale bila kubabaika, au akasema subiri nimuulize fulani halafu akapiga tena, lipa. Akianza kukusomea orodha ya vyakula, tafuta nyumba nyingine.