Klachi Iliyokataa Kuteleza

Ukifunga turbo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi ili iongeze nguvu, kwenye injini iliyozaliwa bila turbo, wa kwanza kulalamika ni klachi, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Yangu ililalamika kwa harufu. Nilikuwa napanda mlima kwa gia ya nne, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukapaa, injini ikanguruma, na gari likabaki na mwendo wake uleule wa mtu anayetafuta namba ya nyumba. Lori la mchanga likanipita. Dereva wake alinitazama kwa huruma, na hilo ndilo lililoniuma.

Klachi ilikuwa inateleza, na uchawi haumo. Mzigo ambao klachi inaweza kubeba unategemea presha pleti, yaani bamba la kubana, inabana kwa nguvu gani, pleti inayobanwa ina upana gani na nyuso ngapi za kusuguana, na inashika vipi inaposuguliwa. Kiwandani walipiga hesabu ya injini waliyoiweka wao, wakaacha akiba kidogo. Turbo yangu ilikula akiba yote ikaomba na ya kesho.

Fundi wangu ni mtu wa mashindano. Mwenyewe hajawahi kushindana, ila humuulizi kitu hata cha taa ya ndani akakujibu bila kutaja magari ya mbio.

"Bosi, hapa tunafunga pleti ya vipande vya shaba," akasema. "Ile haitelezi. Ukiifungia kamba nyumba, nyumba inakuja."

Nikamwambia sitaki kuvuta nyumba. Nataka pleti ya aina ileile ya kiwandani, yenye springi katikati, ila presha pleti iwe inabana zaidi kidogo. Springi zile ndizo zinazomeza mshtuko pale nguvu ya injini inapoingia. Pleti nyingi za mashindano hazina, maana dereva wa mbio haendi kule kustarehe. Fundi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, bosi." Waliowahi kuacha gari gereji wanaijua "sawa, bosi" hiyo.

Nilipolichukua, pedali ya klachi ilikuwa inadai goti, nyonga na nia ya dhati. Kuiachia ndiyo balaa: kulikuwa na "gari limesimama" na kulikuwa na "gari limeondoka", na kati ya hapo hapakuwa na chochote.

"Nimekuwekea ya shaba," fundi akakiri kwa fahari. "Na flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini, nimeichonga ikawa nyepesi. Hiyo zawadi yangu. Iendeshe kidogo, itazoea."

Kuzoea kuna ukweli wake. Klachi mpya huendeshwa kwa upole kilomita mia kadhaa ili nyuso zikubaliane. Lakini springi ambazo hazipo zitazoea nini? Na flaiwili nyepesi, kama inavyopanda mizunguko upesi, ndivyo inavyoishusha. Ukisita kidogo tu, injini imezima.

Kabla sijapata muda wa kugombana naye, shangazi akapiga simu. Meno yake ya bandia yamelegea, nimpeleke kwa daktari. Kwa shangazi yangu hakuna "nina dharura". Nikaenda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba iliyonyooka, na ndilo neno la mwisho alilolitoa zima siku ile.

Gari lilipoanza kuondoka likatetemeka kuanzia sakafuni. Meno ya shangazi yakaanza kupiga makofi.

"Ba-ba, ga-ri li-na de-ge-de-ge?"

"Hapana, shangazi. Ni klachi ya mashindano."

Akatazama foleni mbele, magari yamesimama mpaka upeo wa macho. "Tu-na-shi-nda-na na na-ni?"

Kwenye foleni ya kupanda mlima ndipo nilipojua mguu wa kushoto una misuli mingapi. Ninyanyue klachi, gari liruke nusu mita, lizime. Niwashe. Liruke, lizime. Mwenye gari la nyuma alianza kwa honi, baadaye akawa anarudi nyuma kabisa kila nikiwasha. Shangazi akayatoa meno, akayafunga kwenye leso, akafungua mlango.

"Nitatembea," akasema, safari hii bila kigugumizi ila bila meno pia. Akaupanda mlima kwa miguu, na nilipofika kwa daktari nilimkuta ameshahudumiwa, anacheka na mhudumu. Alikataa kabisa kurudi nami. Meno mapya, alisema, hayajaribiwi kwenye gari lile.

Nikalirudisha gereji. Fundi hakukubali hata neno moja. Tatizo, akasema, ni mguu wangu. Akaketi kwenye usukani, nami pembeni yake, akapandisha mizunguko, akaiachia pedali ghafla namna waachiavyo mashujaa wake wa picha za ukutani.

Zamani nguvu ikizidi ilikuwa inatorokea kwenye klachi, inaishia kuwa harufu. Sasa njia ile imefungwa, na nguvu haikai bure, hutafuta palipo dhaifu. Ukasikika mlio mmoja mkavu chini ya gari. Injini ikaendelea kunguruma, gari likatulia palepale.

Fundi akashuka, akalala chali, akachungulia. Shafti ya tairi la mbele ilikuwa vipande viwili. Akatoka amejaa vumbi, uso unang'aa kwa furaha.

"Umeona, bosi? Klachi haijateleza hata kidogo!"