Kuzima jeni inayoufungulia ugonjwa mlango

Kwa muda mrefu, mazao yamekingwa dhidi ya kuvu kwa kuongezewa jeni za ukinzani. Udhaifu wa njia hiyo unafahamika: jeni ya namna hiyo mara nyingi hutambua alama moja tu ya kuvu, na alama ikibadilika, kinga huanguka. Ndivyo jeni Sr31 ya ngano ilivyoshindwa na aina ya kuvu ya ugonjwa wa kutu ya shina iitwayo Ug99, iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990.

Njia nyingine ni kuzima jeni ya mmea ambayo kuvu yenyewe huitegemea. Mfano wake mkuu ni MLO ya shayiri. Spora (chembe ya uzazi) ya ubwiriunga, kuvu inayofunika majani kwa utando kama unga mweupe, ikitua kwenye jani la kawaida, huchipua na kutoboa ukuta wa seli; pale MLO ilipozimwa, seli hurundika kizuizi kigumu chini kabisa ya ncha inayotoboa, na kuvu hukwama hapo hapo. Mmea wa aina hiyo ulielezwa mwaka 1942 baada ya mbegu kupigwa eksirei na jeni hiyo kubadilika, na mabadiliko kama hayo yalikutwa pia katika shayiri za asili za Ethiopia. Aina zake zimelimwa Ulaya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kinga bado inasimama.

Hata hivyo, mmea hautunzi jeni kwa faida ya adui yake. Shayiri isiyo na MLO hutokwa na madoadoa ya kahawia bila kuugua, majani yake huzeeka mapema, na majaribio yameonyesha kwamba hushambuliwa zaidi na kuvu ya blasti. Sababu inaeleweka: ubwiriunga hula seli hai, ilhali kuvu nyingine hunufaika seli zinapokufa. Oti zilitoa onyo kali zaidi nchini Marekani katika miaka ya 1940, pale aina zilizokinga kutu zilipoangamizwa na kuvu nyingine yenye sumu. Watafiti wengi wanaona kwamba ukinzani ule na udhaifu ule vilitokana na jeni moja.

Binafsi naunga mkono njia hii, ila si kwa kila jeni. Ngano ina nakala tatu za MLO, na mwaka 2014 watafiti wa China walizihariri zote. Gharama ilionekana katika ukuaji. Mwaka 2022 walieleza ngano ambayo, kwa kupoteza kipande kikubwa cha kromosomu, iliamsha jeni jirani, ikakinga ubwiriunga bila kupunguza mavuno. Matokeo hayo yananipa matumaini makubwa, lakini ngano ya namna hiyo ijaribiwe shambani kwa misimu kadhaa, dhidi ya blasti na kuvu nyingine zinazonufaika na seli zinazokufa, kabla mbegu haijamfikia mkulima.