Bakteria wazuri, pipa ndiyo, gunia hapana

Hapa Bukavu mahindi yakishika ukungu hayatupwi: bei inashushwa, yanaitwa "ya kuku". Kwa hiyo nawaelewa wafugaji wanaouliza kama dawa ya bakteria wazuri inaweza kuokoa gunia. Jibu langu ni hapana, lakini chupa yenyewe msiitupe.

Bakteria wanataka maji mengi kuliko ukungu. Mahindi yaliyokauka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi yanawashinda wote wawili. Unyevu ukipanda kidogo, ukungu unaanza kazi huku bakteria bado wamelala. Kunyunyizia gunia ni kupoteza pesa; tena maji yale yale ndiyo yanayoukaribisha ukungu. Gunia linataka jua, na mbao chini lisiguse sakafu. Kwa mvua zetu za Septemba hadi Mei, ni rahisi kusema kuliko kutenda.

Mahali pa bakteria hawa ni kwenye chakula kibichi cha mifugo: matete, majani ya viazi vitamu, machicha ya bia tunayowapa nguruwe. Machicha peke yake yana sukari kidogo, basi changanya na ndizi mbivu zilizopondwa na pumba za kunyonya maji. Shindilia ndani ya pipa mpaka hewa itoke, funika kabisa. Bakteria wanakula sukari, wanatoa asidi ya laktiki, chakula kinachacha, ukungu unakosa pumzi.

Shida ni siku ya kufungua. Hewa ikiingia, hamira inakula ile asidi, joto linapanda, ukungu unafuata nyuma. Hapo ndipo ningelipia bakteria aitwaye Lactobacillus buchneri: anageuza sehemu ya asidi ya laktiki kuwa asidi ya siki, inayozuia hamira na ukungu. Lakini anafanya kazi polepole, kwa wiki kadhaa. Anayefungua pipa baada ya siku kumi hajapata alicholipia.

Nasisitiza kwa sababu ya aflatoksini, sumu inayotolewa na ukungu. Mwaka 1960, Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na ndipo sumu hiyo ikaja kugunduliwa. Kupika hakuiondoi, na ng'ombe akiila inapita hadi kwenye maziwa. Ukiwamwaga bakteria juu ya mahindi yaliyokwisha kuvunda, usitegemee kwamba wataiondoa sumu iliyomo.

Muuza mahindi "ya kuku" atakuambia kuku wake hawajawahi kufa. Muulize wanataga mangapi.