Msisingizie utoto: A Thousand Suns hamkuisikia

Juzi tulikuwa Naalya, mtaa wa Kampala, kwa rafiki yangu mmoja ambaye tumesikiliza bendi ya Linkin Park pamoja tangu sekondari. Spika zilikuwa zinapiga albamu yao From Zero, mazungumzo yakarudi kwa Chester Bennington, marehemu mwimbaji wao, kama yanavyorudi siku zote, na mwenye nyumba akatamka: "Lakini ile albamu ya A Thousand Suns ni kazi kubwa, bwana. Shida sisi tulikuwa watoto." Sebule nzima ikaitikia. Watu walewale walioitukana miaka kumi na zaidi sasa wanaisifu, na sababu wanayoitoa ni umri. Nilikasirika, na hasira haijaisha.

Umri hauhusiki hata kidogo. Tulikuwa tumeshakariri albamu yao ya awali, Meteora, neno kwa neno, na hakuna aliyesema ni ngumu kwa watoto. A Thousand Suns ilitupita kwa sababu karibu hakuna aliyeisikia. Tulichosikia ni vipande vyake, tena vilivyopangwa ovyo.

Kumbukeni tulivyoipata. Ilitoka Septemba 2010, na sisi wa hosteli za Kikoni tulikuwa tunajaziwa nyimbo Wandegeya, kwenye vile vibanda vya kompyuta. Unampa kijana memori kadi yako, unataja bendi, anakuhamishia. Malipo yalikuwa kwa hesabu ya nyimbo. Nani angelipia sekunde 18 za Empty Spaces? Nilikuwa nimesimama nyuma ya kijana mmoja alipokuwa akimjazia mwenzangu: kishale kilishuka kwenye orodha, kila chenye dakika moja au mbili kikaachwa. "Hizi ni intro tu," alisema, na alidhani anamsaidia mteja. Katika nyimbo 15 za albamu ile, sita ni fupi namna hiyo. Mwenzangu aliondoka na tisa.

Kisha simu nayo ikafanya yake. Simu nyingi tulizokuwa nazo zilipanga faili kwa alfabeti. Kwa hiyo wimbo wa kwanza wa albamu ukawa Blackout, Chester anakwaruza koo juu ya kinanda, bila kuandaliwa, bila kujua tumefikaje hapo. The Catalyst, ambao albamu nzima inaupanda kama mlima, ukaangukia katikati. Na kati ya wimbo na wimbo simu inanyamaza kidogo, wakati Mike Shinoda wa bendi na prodyuza Rick Rubin waliziunganisha zisikike kama mkanda mmoja wa dakika 48. Mimi nilikuwa na CD yenyewe, binamu yangu aliinunua Nairobi akaivusha Busia, na nilipowaambia wenzangu kwamba tunasikiliza vitu viwili tofauti walinicheka.

Hebu tuangalie kilichofutwa. The Requiem inafungua kwa sauti nyembamba kama ya mtoto, inamwomba Mungu atuokoe. Maneno yaleyale yanarudi karibu dakika 40 baadaye kwenye The Catalyst, safari hii kwa kishindo. Usipousikia wimbo wa kwanza, ule wa kumi na nne ni kelele zenye mdundo mzuri. Ukiwa umeusikia, ni sala uliyoisahau inayorudi wakati moto umeshawaka.

Au chukua Wisdom, Justice, and Love. Ni sauti ya Martin Luther King, kipande cha hotuba yake ya 1967 dhidi ya vita vya Vietnam. Inaanza safi, unasikia hata pumzi yake, kisha taratibu inageuka, inakuwa nzito, inakuwa ya chuma, mpaka mwisho mashine ndiyo inayosema maneno ya mtu. Papo hapo piano ya Iridescent inaingia. Mnaosema Iridescent ni wimbo laini uliotengenezewa Transformers, mmeukuta kwenye filamu ya 2011 bila kusikia kilichotangulia. Kwenye albamu unakuja kumshika mkono mtu aliyetoka kusikia sauti ya binadamu ikimezwa. Dakika 1 na sekunde 38. Ndizo zilizobaki Wandegeya.

Jina lenyewe la albamu limetoka kwenye maandiko ya Kihindu, Bhagavad Gita, kupitia kwa Oppenheimer, mwanasayansi aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki, na sauti yake imo kwenye The Radiance akikumbuka jaribio la bomu la Julai 1945. Filamu ya Oppenheimer ilipotoka 2023 ghafla kila mtu Kampala akawa anayajua maneno ya Gita aliyoyanukuu. Sawa. Lakini kwetu jambo hili halikuwa la mbali hata kabla ya filamu: sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, hapa kwa jirani zetu Kongo. Nikimsikia mzee yule ninawafikiria wachimbaji, ambao sauti zao hazimo kwenye albamu yoyote.

Na mkumbuke ule ulikuwa mwaka gani kwetu. Julai 11, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka Kyadondo na Kabalagala, zaidi ya watu 70 wakafa wakitazama mpira. Miezi miwili baadaye albamu inatoka, imejaa hofu ya moto unaoshuka juu ya watu wasio na hatia. Tulikuwa tunapekuliwa mifuko mlangoni mwa supamaketi, hedifoni zikiwa masikioni. Mnataka kuniambia watoto wa Kampala wa mwaka ule hawakuwa na umri wa kuielewa? Tungeielewa kuliko wengi duniani, kama tungeipata nzima.

Kuhusu gitaa, nakubali, shingo upande. Brad Delson, mpiga gitaa wao, yupo kidogo mno, na aliyetarajia nyingine kama Hybrid Theory, albamu yao ya kwanza, ana haki ya kulalamika. Robot Boy inajikokota. The Messenger, Chester na gitaa kavu, siwezi kumlaumu anayeuruka, ingawa mimi siuruki. Wanaosema bendi iliusaliti muziki wa roki sina cha kuwajibu, wakasikilize Wretches and Kings kwa sauti ya juu.

Wapo pia walioirudia baada ya Chester kufariki Julai 2017. Huzuni yao ni yangu pia. Lakini albamu hii isisifiwe kwa sababu ya msiba. Alipokuwa hai ilikuwa nzuri vilevile, na alistahili kusikia hivyo kutoka kwetu akiwa hai.

Kwa hiyo nimemwambia mwenye nyumba wa Naalya, na ninawaambia ninyi: kabla hamjaitolea hukumu mpya, ipigeni mara moja kuanzia The Requiem, msikatishe, msiruke kitu. Kama mnatumia faili za zamani, andikeni 01 hadi 15 mbele ya majina zikae kwa mpangilio wake, na mzitafute zile sita zilizoachwa. Zima pia ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo. Mtu akishafanya hivyo akaniambia bado haipendi, tutabishana kuhusu gitaa hadi asubuhi, na nitamsikiliza.