Kamusi Mezani kwa Mnukuzi wa Ripoti za Hospitali

Daktari anasoma ripoti kwenye kinasa sauti. Mnukuzi, anayeigeuza sauti hiyo kuwa maandishi, anasikia "ileum". Au ni "ilium"? Kwa sauti hayana tofauti hata chembe, lakini la kwanza ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na la pili ni mfupa mpana wa nyonga. Programu ya kukagua tahajia haipigi mstari mwekundu, maana yote mawili yameandikwa sawasawa.

Wapo wanaosema kamusi za tiba zimepitwa na wakati, na hoja yao si ya kupuuza. Nchini Marekani wanukuzi wengi hulipwa kwa mstari, nao huhesabiwa kuwa herufi 65, nafasi zikiwemo. Dakika tatu za kupekua kamusi ya tiba ya Dorland's kwa ajili ya neno moja hazilipwi na mtu. Dawa mpya nazo huingia sokoni kabla kamusi ya karatasi haijachapwa upya. Halafu kuna makosa ambayo kamusi haiyazuii kabisa: mwaka 2012 baraza la mahakama huko Alabama liliamua familia ya mgonjwa ilipwe dola milioni 140, baada ya yuniti 8 za insulini kunukuliwa kuwa 80.

Hayo nayakubali. Ila wanaoyasema huiona kamusi kama orodha ya herufi tu, ilhali anachokifuata mnukuzi humo ni maana. Akishajua kuwa ileum ni utumbo, anarudi kusikiliza: daktari ametaja sentimita 20 zilizokatwa, kisha ncha mbili zikashonwa pamoja. Basi ni utumbo. Chukua pia "dysphagia", shida ya kumeza, na "dysphasia", shida ya lugha. Kiharusi huweza kuleta zote mbili kwa mgonjwa mmoja, hivyo hata muktadha unaweza kumwacha mnukuzi njiani. Aliyesoma maana zote mbili anajua hatari iliyopo, naye huacha pengo na kumuuliza daktari. Asiyesoma hubahatisha, na mgonjwa asiyeweza kumeza huletewa sahani ya chakula.

Herufi kubwa nazo watu huziona kama urembo. Lasix huanza kwa herufi kubwa kwa kuwa ni jina la biashara la dawa. Furosemide, dawa ileile kwa jina lake la kawaida, huanza kwa ndogo. "Gram stain", mbinu ya kutia bakteria rangi ili kuwatambua, hubeba jina la Mdenmaki Hans Christian Gram, aliyebuni mbinu hiyo mwaka 1884, lakini "gram-negative", yaani bakteria wasiobaki na rangi hiyo, huandikwa kwa herufi ndogo. Hakuna sikio linaloweza kusikia hayo.

Kuna mahali kamusi yenyewe lazima ikae pembeni. Mwaka 2001 FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, iliwaomba watengenezaji waandike hydrALAZINE na hydrOXYzine hivyo, herufi kubwa katikati, ili dawa ya shinikizo la damu isichanganywe na ya kuwashwa. Kamusi huziandika zote kwa herufi ndogo. Hospitali inayofuata utaratibu huo, orodha yake ndiyo ifuatwe.

Kwangu mimi, kinachohitaji kubadilika ni malipo. Zile dakika tatu za kupekua ni sehemu ya kazi. Mwajiri azihesabu, kama anavyozihesabu herufi 65.