Piga Kiki, Omba Dua

Wenzangu hubonyeza kitufe tu, pikipiki zao zikawaka, wakaenda zao kazini bila hata kukumbuka kwamba wamekalia injini. Mimi niliyejitwika pikipiki ya Kiingereza ya kizamani, yenye silinda moja ya cc 500, nina ibada nzima ya kutimiza kabla ya kuondoka. Nafungua petroli, nabonyeza kijiti cha kabureta mpaka vidole vilowe, nachelewesha cheche kwa kimkono kilicho kwenye usukani, kisha nasukuma kiki taratibu mpaka pistoni ifike juu na kugoma. Hapo nainua valvu ya moshi, naivusha pistoni kidogo tu, nairudisha kiki juu, halafu naikanyaga kwa uzito wote niliojaliwa. Ukiruka hatua moja, pistoni hiyo hurudi ilikotoka, na kiki hukupiga unyayoni kama punda aliyeshtuliwa usingizini.

Ningeyavumilia maumivu kama si watazamaji. Nikiwa peke yangu, huwaka kiki ya kwanza. Akitokea mtu mmoja tu mwenye nafasi ya kusimama, hugoma. Mtu huyo hunitazama nikitokwa jasho, kisha huniuliza kwa upole kama nina hakika kwamba kuna petroli.

Ikishawaka, tunaanza kutetemeka. Silinda ni moja, nayo hulipua mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, bila silinda ya pili ya kuituliza. Nati hulegea, nyuzi za balbu hukatika, na kioo cha pembeni hunionyesha magari manne mahali lilipo moja, jambo ambalo, nakiri, limenifanya niwe mwangalifu sana barabarani. Shemeji yangu aliyeiazima hakuwa na bahati hiyo: gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma iko mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki za siku hizi, kwa hiyo alipofika njia panda alikanyaga breki kwa nguvu zote, akabadilisha gia, akapita. Tangu siku hiyo hatuzungumzi habari za pikipiki mezani.

Oili nayo ina safari zake. Hukaa katika tangi lake la pembeni, lakini pikipiki ikisimama majuma kadhaa hujipenyeza kwenye pampu na kushukia ndani ya kasha la kranki, na sehemu nyingine huamua kutoka nje kabisa kupitia pale nusu mbili za kasha zinapokutana. Mke wangu ameweka sinia la zamani chini yake, naye hulikagua kwa makini kuliko mimi ninavyokagua injini.

Nikilalamika, wapenzi wenzangu wa pikipiki za kizamani hunikumbusha Velocette Venom, pikipiki nyingine ya Kiingereza, iliyokwenda saa 24 mfululizo mwaka 1961 huko Montlhéry, Ufaransa, kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Nawapongeza, lakini mashine ile ilikuwa na mafundi waliokuwa wakiingojea kando ya njia, ilhali yangu inanitegemea mimi. Wenye Royal Enfield Bullet, nayo ya asili ya Kiingereza, ndio wanaonitia wivu wa kweli, maana Wahindi walianza kuiunda Madras mwaka 1955 na wakaendelea nayo hata baada ya Waingereza kufunga viwanda vyao, hivyo vipuri havijawa hadithi ya mababu.

Kisha kuna spana. Sanduku langu la spana za milimita halifai kitu hapa, na zile za inchi za Kimarekani pia hazifai, kwa kuwa nati nyingi hufuata kipimo alichopendekeza mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841, ambacho namba iliyochorwa kwenye spana ni unene wa bolti na si upana wa nati inayoshikwa. Nimemweleza hayo muuza vifaa kwa utulivu, naye akaniuliza kama ninajisikia vizuri.

Na bado, kila nikisimama kujaza petroli, hutokea bwana mwenye macho yanayong'aa, akalizunguka tangi, akaligusa, akashusha pumzi na kuniuliza, "Mzee, unaiuza?" Nami humwuliza kwanza ana spana za aina gani.