Tula: Nilitarajia Miungu, Nikakuta Nguzo

Nilipanda ngazi za Piramidi B pale Tula, magofu ya mji wa kale katika jimbo la Hidalgo nchini Meksiko, jua la saa saba likinichoma utosini. Vikombe, fulana, visumaku vya friji, kote nilikuwa nimeona sura za wale mashujaa wanne wa mawe wanaoitwa Atlantes, nikajiandaa kuonana na miungu. Kumbe ni nguzo!

Nguzo za ajabu, sikatai. Kila moja ina urefu wa mita 4.6 hivi, imechongwa kwa jiwe la basalti katika vipande vinne vilivyopachikana. Ukitazama vizuri utaona maungio yamekata miili yao kama pindo la nguo. Kifuani wana ngao ya umbo la kipepeo, mkononi kifaa cha kurushia mikuki. Zunguka nyuma sasa, maana wapiga selfi hawafiki huko: mgongoni kuna duara kubwa, na katikati yake uso wa mtu unakukodolea macho.

Kazi yao ilikuwa kubeba paa la hekalu. Watolteki, wenyeji wa mji huu waliotamba hapa kati ya karne ya 10 na ya 12, hawakuwasimamisha juani hivi. Leo paa halipo, nao wamebaki kama wachukuzi walioshushwa mzigo, wasiambiwe waende zao.

Hata kusimama wamesimamishwa. Jorge Acosta, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba Tula mwaka 1940, aliwafukua vipande vipande kutoka kwenye handaki upande wa kaskazini wa piramidi. Mmoja wao ni nakala. Mwenyewe yuko makumbusho, Mexico City. Mgeni mmoja karibu yangu alinung'unika kwamba ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi sikuona hasara. Waazteki, waliotawala baada yao, nao walifukua na kuhamisha vitu vya Tula, kwa jinsi walivyowahusudu Watolteki. Katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki, neno "toltecatl" lilifikia kumaanisha fundi stadi.

Ningepewa usemi, ningeweka pale juu mchoro mmoja tu unaoonyesha paa. Bila paa, tunapiga picha nguzo tukidhani tumepiga hekalu.

Nikashuka, nikazunguka hadi Coatepantli, ukuta wa nyoka wanaomeza mifupa ya watu. Mandhari ya kutisha, lakini ukuta huo ulikuwa na kivuli chembamba, nami nikajibanza hapo na chupa yangu ya maji.